Baiskeli Yenye Kiti cha Wagonjwa

Baba yangu alianguka mara ya pili masika ya mwaka huu, kwenye kona ya kuteremkia kanisani, pale ambapo maji ya mvua hukatisha barabara bila kumwomba mtu ruhusa. Waliomkuta ni akina mama waliokuwa wanarudi kutoka kuchuma maharage. Alikuwa amekaa mtaroni, kofia iko kichwani, baiskeli imemlalia mapajani, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusalimia. "Onga mshi," aliwaambia, kama vile yuko kibarazani kwake anaota jua. Walipojaribu kumwinua ndipo alipopiga kelele. Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika karibu na kiganja.

Nilifika nikiwa na futi yangu ya ushonaji bado shingoni. Nililia kwanza, kisha nikamkaripia mbele za watu, jambo ambalo mtoto wa Kishambaa hafanyi. Ndivyo nilivyoumbwa, machozi na maneno makali kwangu hutoka kwa pamoja.

"Baba, umepita themanini," nilimwambia. "Unataka tukuzike vipande vipande?"

Akanitazama, akasema, "Angalia kwanza kama rimu imepinda."

Kaka yangu, kifungua mimba wa nyumba yetu, anafanya kazi ya ofisi Tanga. Habari zilimfikia kabla sisi hatujafika hospitali, maana siku hizi mtu hawezi kuanguka Usambara bila Tanga nzima kujua. Alinipigia simu nikiwa kwenye benchi la wagonjwa.

"Hiyo baiskeli lazima iondoke hapo nyumbani," alisema.

"Ukiiondoa baiskeli umemwondoa baba," nilimjibu.

Tangu siku ile ugomvi wetu ukawa huo mmoja. Yeye alisema anataka baba aishi. Mimi nilimwambia kuishi si kukaa kwenye kochi ukitazama kuku wanapita. Yeye alisema ni rahisi kusema hivyo. Mimi nilimuuliza ni rahisi vipi, wakati anayemwosha na kumfunga vidonda ni mimi ninayelala naye nyumba moja, tangu ndoa yangu ilipovunjika nikarudi na cherehani yangu. Tulikuwa tunakatiana simu kama watu wanaodaiana, na siku ya pili mmoja wetu anapiga tena.

Ukweli ni kwamba baba bila baiskeli haendi popote. Magoti yake yamekwisha kwa kupanda na kushuka milima. Akitembea mikono mitupu, bila cha kushika, huchoka kabla hajaufikia uzio wa jirani. Lakini akikaa kwenye siti magoti yale yale yanakubali kazi, na kwenye mpando huisukuma baiskeli, maana kuisukuma ni kuiegemea. Daktari anaweza kueleza hilo, mimi siwezi. Kwa baiskeli anakwenda kanisani, anakwenda gulioni, anakwenda kuwatazama wazee wenzake wawili watatu waliobaki, wale ambao hawatoki tena ndani. Anawapelekea habari za nje. Mmoja wao ni kipofu sasa, na baba humsomea Zaburi, akiongeza maneno yake mwenyewe pale macho yanapogoma.

Na baiskeli yenyewe si ya kawaida. Ni nyeusi, ndefu, chuma kizito cha zamani. Nyuma, juu ya keria, baba alifunga kiti cha mbao chenye mgongo na mikono, ubao wa kuwekea miguu, na mkanda wa kumfungia mgonjwa asidondoke. Chini ya kiti kuna breki ya tatu aliyoibuni mwenyewe: kipande cha mkalitusi kilichovalishwa mpira wa tairi la gari. Unakikanyaga kwa kisigino, nacho kinabana gurudumu la nyuma. Breki za dukani zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa tambarare. Huku kwetu waya ukikukatikia kwenye mteremko, unamwona Mungu kabla hujaiona Mombo kule chini.

Kabla barabara yetu haijapitika kwa gari, na kabla bodaboda hazijajaa kila kona, baba ndiye alikuwa gari la wagonjwa. Hakuna aliyemwajiri. Machela ilihitaji wanaume wanne, na msimu wa kupanda viazi wanaume wanne huwapati hata ukiwatafuta kwa tochi. Baba alikuwa mmoja na alitosha. Aliteremsha wenye malaria ya kupanda kichwani, aliteremsha mpasua mbao aliyejikata na msumeno, aliteremsha wanawake ambao uchungu ulikuwa umewashika tangu jana. Mama yangu aliteremshwa kwenye kiti hicho mimi nikiwa tumboni. Alikuwa akinisimulia kwamba njia nzima baba aliimba nyimbo za kanisani, tena kwa sauti mbaya kabisa, na kwamba alikasirishwa na ile sauti mpaka akasahau kuogopa.

Plasta ilipofunguliwa, mkono ulikuwa bado umevimba na vidole vya kushoto vilikuwa vinafunga nusu. Wiki hiyo hiyo kaka akapanda kuja kutuona. Alikuwa mpole mno. Alisema ataichukua baiskeli aipeleke kwa fundi mzuri anayemjua, anyooshe rimu na abadilishe mipira ya breki. Baba akafurahi. Kaka akaomba na koti pia, lile koti zito la sufu la kijivu ambalo baba hulivaa kila anapopanda baiskeli, kwa sababu upepo wa huku haumhurumii mzee. Alisema anampelekea dobi.

Hapo nilipaswa kushtuka. Kaka yangu hajawahi kufikiria nguo za mtu yeyote, hata zake mwenyewe; shati lake la harusi nililipiga pasi mimi. Lakini nilikuwa nimechoka, nikafurahi kwamba kwa mara moja hatugombani.

Kila asubuhi baba alisimama mlangoni, akauliza, "Fundi amesemaje?" Nilipiga simu, kaka akajibu spea zinatafutwa. Kesho yake baba akauliza tena. Alianza kulala mchana, jambo ambalo hakuwa nalo. Chakula alikula robo. Jumapili nilimtafutia bodaboda ya kumpeleka kanisani, akaipanda, lakini aliporudi alisema kijana yule alikuwa anaendesha kana kwamba barabara ni ya mama yake, na hakutaka tena.

Kisha kipupwe kikiwa kimekaza, Jumamosi, kaka akaja na gari. Akasema kuna mzee mmoja, bwana misitu mstaafu, amefungua makumbusho ya baiskeli za zamani na za ajabu kwenye lililokuwa banda la kupasulia mbao, njia ya kwenda Shume, si mbali na kwetu. Amemwalika baba rasmi. Baba akauliza kama fundi yuko njia hiyo. Kaka akasema, "Twende tu, baba, utafurahi."

Baba alivaa suruali ya Jumapili na sweta mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu koti halikuwepo. Alikaa mbele, na njiani alikuwa anamwonyesha kaka kila kona na mgonjwa wake: hapa alitapika fulani, hapa mtoto wa fulani alitaka kuzaliwa barabarani. Kaka alicheka pale panapotakiwa kucheka. Mimi nilikuwa nyuma, nikimtazama kaka kwenye kioo, na kila macho yetu yalipokutana aliyaondoa.

Mwenye makumbusho alitutokea mlangoni, mtu mnene mwenye uso wa ukarimu. Si wa kwetu kwa kuzaliwa, alikuja na kazi, akaoa huku, akabaki.

"Shikamoo mzee wangu," alisema, akishika mkono wa baba kwa mikono yake miwili.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa una mali."

"Ninayo, mzee. Karibu uione."

Ndani kulinuka vumbi la mbao na mafuta ya mashine. Baiskeli zilisimama kwenye vigogo, mstari huku na mstari huku. Alikuwa na wazo lake, na alilieleza kwa furaha: juu ya kila baiskeli ametundika nguo ya mtu aliyekuwa akiiendesha. Kofia kwenye usukani, koti kwenye siti, mahali pengine hata viatu vimefungwa kwenye pedeli. Alipewa na wajane na watoto. Alisema wageni wanaopita huwa hawapendi chuma kitupu, wanataka wamwone mtu.

Wageni wenyewe siku ile walikuwa wachache, wasichana kwa wavulana wa chuo waliokuwa wanapiga picha kwa simu zao, na baba akawa kivutio chao, kwa sababu alijua kila kitu kilichokuwemo.

Ya kwanza ilikuwa ya mbao tupu, magurudumu ya mbao, haina pedeli wala mnyororo, ile ya kuteremshia viazi kutoka mashamba ya juu. Baba alicheka. "Huyu alikuwa hana breki ila makalio yake," alisema, na wanachuo wakaangua kicheko. Kisha akaongeza, "Tulimzika palepale kwao, ardhi ilikuwa ngumu."

Iliyofuata ilikuwa ya mnoa visu, jiwe la kunolea limefungwa mbele, na mnyororo wa pili wa kulizungusha. "Huyu alikuwa akipita kila mavuno. Alifia njiani, masikini, tukamzika bila ndugu." Kulikuwa na ya magurudumu matatu, inayoendeshwa kwa mikono, ya fundi viatu asiye na miguu aliyekuwa akikaa sokoni Lushoto. Aproni yake ya ngozi ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama ubao. Kulikuwa na ya mpiga picha, nyuma ina sanduku jeusi la kusafishia picha. Kulikuwa na ya mkunga, ya kike, yenye kisanduku cha bati, na kitambaa chake cheupe cha kichwani kimefungwa kwenye usukani. Mbele ya hiyo baba alivua kofia.

"Huyu nilimletea wanawake wengi," alisema taratibu. "Hakunifukuza hata siku moja. Hata usingizini alikuwa anauliza, umemleta nani?"

Wanachuo walikuwa wanafurahi. Mimi nilikuwa nimeanza kuona baridi ya namna nyingine. Wote aliowataja ni marehemu. Hakukuwa na baiskeli hata moja mle ndani ambayo mwenyewe yu hai, na baba alikuwa anapita katikati yao akiwasalimia mmoja mmoja, bila haraka, na kwa kila mmoja akisema walimzika wapi.

Mwisho wa banda, chini ya dirisha kubwa, mahali pa heshima, kulikuwa na baiskeli nyeusi iliyosuguliwa ikang'aa. Kwanza sikuitambua kwa jinsi ilivyong'aa. Nilikitambua kiti. Halafu nikaliona koti. Lilikuwa limevishwa siti, na mikono yake imenyooshwa mbele ikafungwa kwa uzi kwenye usukani, kama mtu anayeteremka mlima. Viraka vya viwiko nilivishona mimi.

Kaka akasogea mbele. Sauti yake ilikuwa ya mkutanoni. "Baba, tumeona tukuheshimu. Watu watatoka mbali kuja kuona ulichowafanyia watu wa milima hii. Itakaa hapa, itatunzwa, haitapata kutu. Na wewe utapumzika."

Mwenye makumbusho akapiga makofi. Wanachuo nao wakapiga, wakainua simu zao.

Niseme hapa jambo ambalo sisi kwa sisi hatuelezani, kwa sababu kila mtu amelikuta. Kwetu mtu akifa, nguo zake huwekwa ndani mpaka siku ya kuanua tanga. Siku hiyo hutolewa nje. Koti la marehemu, kama ni mwanamume, hutundikwa au kutandazwa mahali pa kuonekana, wazee wanakaa, na mkubwa wa ukoo anamvisha mrithi. Wakristo tunaanza kwa wimbo, Waislamu wanaanza kwa dua, lakini koti ni lile lile. Hivyo kumtundikia mtu koti lake naye yu hai, tena katikati ya makoti ya marehemu, ni kumwambia neno ambalo hata adui yako humwambii usoni. Mwenye makumbusho si wa kwetu, simlaumu. Kaka yangu alikulia chumba kimoja na mimi. Alijua. Alikuwa amelifikiria gari, kona, mtaro na mvua, akasahau maana ya koti.

Baba alisogea karibu. Alinyoosha mkono wake mzima, akashika kitambaa cha koti katikati ya vidole viwili, kama mnunuzi anayepima ubora wa nguo. Kisha akamgeukia mwenye makumbusho.

"Na huyu," aliuliza, "amekufa lini?"

Mwenye makumbusho alianza kucheka, akaona uso wa baba, akaacha. Akamgeukia kaka. "Bwana, wewe uliniambia mzee ameacha kuendesha. Uliniambia ametoa kwa ridhaa yake."

Hapo ndipo nilipolipuka. Sitayaandika yote niliyosema. Nilimwita mrithi mwenye pupa. Nilimuuliza kwa nini hakuchimba na kaburi kabisa, nje palikuwa na nafasi, ili atupunguzie safari ya kurudi. Nilimwambia amemdanganya mzee kama mtoto anayefichiwa mwanasesere, dobi, fundi, spea, wiki zote hizo baba anasimama mlangoni. Wanachuo walishusha simu zao. Mmoja wao, msichana, alikuwa analia bila kujua anamlilia nani.

"Na akianguka mara ya tatu?" kaka alinijibu, sauti yake imepasuka. "Utakuwa wapi? Kwenye cherehani yako! Mimi kila simu ikiita kutoka huku najua ni hiyo. Naogopa kuipokea. Wewe unapigania baiskeli, mimi nampigania baba yangu!"

Akafuta uso kwa kiganja. Sikuwa nimemwona analia tangu tulipomzika mama, na nilimchukia kwa kulia, kwa sababu kulinichanganya.

"Nyamazeni," baba alisema. "Msibani hawapigi kelele."

Akaomba kiti, akaletewa benchi. Akakaa katikati ya banda, fimbo hana, mikono juu ya magoti, mkono mmoja mnene kuliko mwenzake. Alizungumza Kishambaa sasa, na lugha hiyo baba akiizungumza kwa utulivu huwa hupati pa kukimbilia.

"Mwanangu umeanza kazi," alimwambia kaka. "Kazi ikianzwa humalizwa. Koti limeshatundikwa, watu wameshaliona. Basi tunaanua tanga. Mkubwa wa ukoo ni nani hapa? Ni mimi. Na marehemu mwenyewe yupo, kwa hiyo hakuna atakayebishana juu ya wosia."

Mtu mmoja alicheka kwa woga. Baba hakucheka.

Alinyanyuka, akafungua zile nyuzi kwa mkono mmoja. Zilikuwa zimekazwa, ikachukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alilishusha koti, akalikung'uta vumbi. Kaka akapiga hatua moja mbele, kichwa ameinamisha. Ndiye wa kwanza, ndiye mwanamume, hakuna ukoo wa Kishambaa ambao ungempita. Nadhani alikuwa tayari kupokea chochote, hata laana.

Baba akampita. Akanivisha mimi.

"Baiskeli nimemwachia huyu," alisema. "Na kiti chake, na breki zake zote. Nimemaliza."

Kwetu binti hurithi vyungu vya mama yake na khanga zake. Sijawahi kusikia aliyerithi baiskeli ya baba yake. Isitoshe mimi sijui kuendesha baiskeli. Wasichana wa umri wangu tulikatazwa kupanda, tukiambiwa tutaharibika. Nilisimama pale na koti lile zito, lililonifika magotini, linanuka sabuni ya dobi badala ya baba, nikajiona nimeshinda. Sitaficha. Nilimtazama kaka yangu na nilijiona nimeshinda, na ilikuwa tamu.

Mwenye makumbusho alituomba radhi mpaka tukamwonea huruma. Aliishusha baiskeli mwenyewe, akajaza upepo, akaisukuma hadi nje. "Hongea," baba alimshukuru, kisha akamwambia kwa Kiswahili kwamba makumbusho yake ni mazuri, ila wafu wawekewe taa, banda lina giza.

Kaka akafungua mlango wa gari. Baba akatikisa kichwa. Akasema atarudi na mwenye baiskeli.

Basi tulianza safari. Mimi nashika usukani, baba amejishikiza kwenye siti upande wa pili, na nyuma yetu kaka anakuja na gari taratibu, taa zote mbili za tahadhari zinawaka na kuzima. Watu waliokuwa mashambani walisimama. Wengine walivua kofia. Gari la polepole nyuma ya watu wanaotembea kwa miguu, huku kwetu lina maana moja tu, na walikuwa wanatafuta jeneza liko wapi.

Baba alikuwa mchangamfu. Alinifundisha. "Usiibane hivyo, hii si mbuzi. Iache iegemee kwako." Akanieleza jinsi ya kusikiliza mnyororo, na kwamba breki ya kisigino haikanyagwi kwa ghafla, bali husemeshwa. Kwenye mpando alipumua kwa shida, tukasimama mara kwa mara, lakini hakulalamika. Nikamwambia baba, nikijifunza nitakuwa nakuteremsha mimi, wewe utakaa kwenye kiti cha wagonjwa kama bwana mkubwa. Akasema, "Kwanza jifunze kupanda, halafu tutaongea habari za ubwana."

Ukungu ulikuwa umeinuka. Tukafika juu, pale barabara inapokatika na kuanza kushuka moja kwa moja kwetu. Unaliona bati la kanisa kule chini, unaziona nyumba zote, na barabara nyekundu, kavu siku ile, inakwenda kona kwa kona mpaka kwenye kona yenyewe. Baba akasimama. Akavuta pumzi. Akaitazama barabara jinsi ninavyomkumbuka akiitazama tangu nikiwa mdogo, macho yamefumbwa nusu, anapima.

Kisha akanigeukia. Akavua kofia. Baba yangu, aliyenizaa, akavua kofia mbele yangu.

"Mwenye baiskeli," alisema. Hakuwa anatania. "Naomba uniazime. Niteremke nayo hadi hapo kanisani tu. Taratibu. Barabara ni kavu."

Nyuma yetu gari lilisimama. Kaka alishusha kioo. Alikuwa ananitazama tu.

Nilikuwa na maneno yangu yote. Nilikuwa nimeyasema kwenye simu miezi yote ile, kuhusu kuishi na kochi na kuku, na asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeyasema tena mbele ya watu kwa sauti ya kubomoa banda. Niliutazama mkono wake wa kushoto. Alikuwa amejaribu kuufunga kwenye usukani, kunionyesha, na vidole viliishia nusu. Aliona kwamba nimeona. Akaviondoa, akavificha nyuma ya mgongo.

Ningesema ndiyo, angeteremka. Labda angefika. Nilimwona kabisa akifika, anapiga kengele, akina mama wanapisha. Nikamwona na mtaroni vilevile.

"Hapana, baba," nilisema.

Baba yangu amebishana na wachungaji. Amebishana na mwenyekiti wa kijiji, na mganga mkuu wa hospitali, na mama yangu kwa miaka yote ya ndoa yao, na mimi hakuna siku aliyoniachia neno la mwisho. Nilisubiri anibishie. Nilikuwa namwomba Mungu anibishie, anigombeze, aseme mtoto wa kike anajua nini kuhusu baiskeli, ili nipate nafasi ya kulegea.

"Haya," alisema. "Ni yako."

Akavaa kofia. Hakunikasirikia, na hilo lilinichoma kuliko kitu chochote. Nililia palepale barabarani, ndani ya koti lake, wala safari hii hayakufuata maneno makali. Kaka alipandisha kioo cha gari.

Baba alizunguka akaja upande wa mtaro, akaniachia mimi upande mzuri wa barabara. Alisubiri nifute uso. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mgeni asiyejua utaratibu wa nyumba, kama anaruhusiwa kushika kile kiti cha nyuma tunaposhuka.

Nikamwambia ashike.